Bosi wa Maswali

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya duka la kinyozi. Mguu wake mmoja umewekewa tofali, na anayetaka kuinuka lazima atangaze kwanza, la sivyo waliobaki wanakwenda chini. Jumapili asubuhi tunakaa hapo tukinywa kahawa na kuwaongoza watu ambao hawajatuomba. Profesa ndiye kinyozi mwenyewe. Hajafundisha popote, ila wembe ukiwa shingoni huwezi kumbishia. Breki ni dereva mstaafu. Mimi naitwa Bosi, kwa kejeli, kwa kuwa nasimamia mafundi wanaoshona sare za shule. Jumapili ile nilifika roho juu. Kesho yake mwenye karakana alikuwa anakuja kuwauliza mafundi kama nibaki au nifungashe virago.

Breki: — Kwani umewafanya nini?

— Nimewaheshimu, basi! Si nilipelekwa semina? Tukaambiwa kiongozi wa kisasa hatoi amri, anauliza, na akili yake iko wazi. Wiki nzima sijatoa amri hata moja. Naingia: "Mnaonaje kazi yetu?" Nasogea: "Mashati haya mnayaonaje?" Nageuka: "Wewe ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Profesa: — Safi kabisa!

— Safi nini, na mashati yote yametoka vifungo upande wa nguo za kike? Shule ya wavulana, bwana! Mama Pindo, fundi wangu mkuu, tangu Alhamisi hanisalimii. Nikiingia, wote wanainamia cherehani kimya, utadhani kuna msiba. Mimi pale napapenda, jamani. Sitaki kuondoka.

Breki akatikisa kichwa kama anayesikiliza injini.

— Tatizo ni mguu wako mzito. Swali ni kama klachi, unaliachia taratibu. Ukiliachia ghafla, watu wanazima.

Profesa: — Wapi! Tatizo ni kimo. Anauliza amesimama. Aulize amekaa sakafuni.

— Sakafuni kumejaa pini, Profesa.

— Ndizo zitakufunza unyenyekevu.

Breki: — Sakafuni ya nini? Awape mgongo! Mimi miaka yote nimewapa abiria mgongo, na hakuna siri ya ndoa ambayo sijaisikia.

Profesa: — Shida yako Breki huna akili iliyo wazi.

— Nani, mimi? Yangu iko wazi kuliko yako, na sitaki kusikia neno jingine!

Breki aliinuka kwa hasira bila kutangaza. Tulipomaliza kuokota vikombe na kujipangusa, nikajaribu kupatanisha:

— Jamani, mnaonaje tukisikilizana? Au kila mtu aseme kwa zamu? Au kahawa imepoa?

Sikungoja jibu, nilikuwa namimina nyingine.

Profesa akashusha sauti. Tukajua sasa inakuja ile kubwa.

— Kesho Bosi asiende kama Bosi. Avae miwani myeusi, aingie kama mteja, awaulize: "Huyu bosi wenu yukoje?" Hapo atapata ukweli mtupu.

Breki: — Aweke na masharubu.

Profesa: — Masharubu lazima! Na achechemee kidogo.

Mtu mwenye akili timamu angecheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza masharubu yatapatikana wapi siku ya Jumapili, na nichechemee mguu upi.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa mteja wa Profesa, mgeni kabisa mtaani, taulo shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine povu limeshamkaukia. Tulikuwa tumemsahau.

— Samahani, kaka, — akaniambia. — Hao mafundi ulipowauliza, walikujibu nini?

Profesa akanitazama. Breki akanitazama. Nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Maswali yangu niliyakumbuka yote, hata sauti nzuri niliyoyatolea. Nikamkumbuka na Mama Pindo siku ya kwanza, ameinua shati la kwanza, kidole chake kiko kwenye vifungo, ananieleza kitu. Alieleza kirefu tu. Mimi wakati huo nilikuwa natunga swali linalofuata.