Rungu Lisilo na Mkono

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii ngeni.

Mchapaji: Ni mimi, shemeji yako. Napigia simu ya duka.

Fundi: Ooh, shemeji! Mzima? Mbona sauti—

Mchapaji: Mzima wa kusimama tu. Sikiliza, salio la kuungaunga hili. Hii kompyuta uliyoipasua Jumamosi—

Fundi: Sikuipasua, bwana. Nimeibadilishia mfumo. Ule wa zamani ulikuwa umeoza kwa virusi, ungekufa na kazi zote za duka.

Mchapaji: Ule wa zamani nilikuwa nauendesha nimefumba macho. Palikuwa na kimkasi pale chini. Nakigusa, nakata picha ya mteja, naendelea. Sasa kimkasi hakipo! Kila kitu kimehamishwa, kama nyumba iliyopigwa mnada.

Fundi: [anacheka] Utazoea tu. Mke mpya naye wiki ya kwanza hajui chumvi ilipo—

Mchapaji: Usinichekeshe leo.

Fundi: ... Kuna nini? Na simu yako iko wapi?

Mchapaji: Imevunjika.

Fundi: Imeanguka?

Mchapaji: Imepigwa ukutani. Haya, niambie. Picha iko kwenye tovuti, nataka ikae humu ndani ya kompyuta. Nafanyaje?

Fundi: Imepigwa ukutani na na—

Mchapaji: Shemeji! Picha! Ya jana jioni ilifutwa. Hii mtu ameirudisha asubuhi, na itafutwa pia. Nimeifungua, imejaa skrini nzima. Nikabonyeza chapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Nimebonyeza kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa, mpaka kidole kinauma. Printa inanikonyeza kitaa cha njano tu.

Fundi: Hiyo printa nadhani sijaitambulisha kwa mfumo mpya. Achana nayo. Weka mshale juu ya picha, bofya kitufe cha kulia cha kipanya.

Mchapaji: Nimebofya. Imeshuka orodha.

Fundi: Tafuta "hifadhi picha kama". Sio ukurasa. Picha.

Mchapaji: [mtandao unakwaruza] ... nimeona. Nimebonyeza. Imepotea!

Fundi: Haijapotea. Zamani ilikuwa inakaa juu juu, kwenye skrini. Siku hizi inaingia kwenye folda ya Vipakuliwa. Lile kabati la bluu kushoto.

Mchapaji: Kabati... ngoja... Ipo. Alhamdu— ipo. Mungu mkubwa.

Fundi: Unaona? Na hizo kelele nyuma yako ni za nini? Wateja?

Mchapaji: Wenzake Filimbi. Wamejaa barazani. Nimefunga mlango kwanza.

Fundi: Filimbi mdogo wako? Mumeo alisema yuko hospitali, amechubuka kidogo tu pale kiwandani.

Mchapaji: Alisema amechubuka?

Fundi: Ndivyo alivyosema.

Mchapaji: Filimbi amekata roho asubuhi hii.

Fundi: Inna— nini? Shemeji, unasema nini?

Mchapaji: Fuvu lilibonyea, shemeji. Hapa, juu ya sikio, unaingiza ngumi. Jicho moja lilishatoka mahali pake. Mama alipofunuliwa shuka akamwambia nesi, "Huyu sio wangu, mwanangu ana uso." Ndivyo alivyosema. Mwanangu ana uso.

Fundi: Pole. Pole sana, shemeji. Ee Mola. Filimbi...

Mchapaji: Kosa lake? Ile mashine ya kufyatua ndoo ilikula vidole vya yule binti wa zamu ya asubuhi. Filimbi akasema isimame mpaka itengenezwe. Akapuliza filimbi yake, watu wakatoka nje, wakakaa chini getini. Wamekaa, shemeji! Wameinua mikono! Walinzi wakashuka na marungu wanapiga kama wanatwanga. Mtu akilala, wanapiga. Akitambaa, wanapiga. Kisha wakakusanya simu za wote. Wakazikanyaga. Hii picha ni ya mpita njia, ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Fundi: Nilikuwa sijui. Wallahi nilikuwa sijui.

Mchapaji: Najua hukujua. Sasa nionyeshe pa kukatia. Kuna matangazo pembeni, kuna maandishi. Nataka watu watatu tu wabaki. Filimbi, binti aliyemlalia miguuni, na aliyeshika rungu.

Fundi: Aliyeshika rungu anaonekana?

Mchapaji: Kofia imemfunika uso. Lakini mkono unaonekana.

Fundi: Mkono tu hautasaidia, shemeji. Bakiza uso wa marehemu, inatosha. Watu walie, wamzike.

Mchapaji: Ngoja nikukumbushe kitu, maana wewe ulikuwa bado unanyonya. Mwaka wa mgomo wa wapakiaji, picha ilitoka gazetini. Mtu yuko chini, na rungu liko hewani. Rungu tupu! Mkono waliukata. Tukaambiwa aliyepiga hajulikani. Ikaja ile ya wauza mboga. Buti juu ya shingo ya mama mzima, buti halina mguu. Tukaambiwa uchunguzi unaendelea. Unaendelea mpaka leo! Katika mji huu marungu huruka yenyewe, buti hutembea zenyewe, na maiti hujiua. Sijasahau hata moja. Na leo mkasi ninao mimi.

Fundi: Sawa, lakini mkono—

Mchapaji: Kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Fundi: Watu wengi hufunga vidole.

Mchapaji: Kitambaa cha maua ya zambarau.

Fundi: Zambarau?

Mchapaji: Shuka letu lile lililochanika. Jana asubuhi kaka yako alijikata na kopo akijiandaa kwenda lindoni, nikachana kipande nikamfunga. Wewe ulikuwepo unakunywa chai. Ulisema—

Fundi: Nilisema ametia hina kama bibi harusi.

Mchapaji: Ndiyo. Tukacheka wote watatu.

Fundi: Shemeji...

Mchapaji: Akarudi jioni. Nikamuuliza, akasema alikuwa geti la nyuma, hakuona kitu. Tangu anioe hajawahi kufua hata soksi. Jana amefua shati. Amelifua, amelisuuza, akalisuuza tena. Nikasema labda ana huruma na mimi, nina mgonjwa. Leo asubuhi nimeona picha kwenye simu, nikamwonyesha. Basi. Simu ikaenda ukutani. Na mimi nikaifuata.

Fundi: Amekupiga?

Mchapaji: Meno yapo. Mawili yanacheza.

Fundi: [mtandao unakwaruza] ... kaka hawezi. Labda aliamriwa. Shemeji, wale wakiamriwa na—

Mchapaji: Hilo ndilo nataka aseme! Nani alimpa rungu? Nani alisimama dirishani juu ya geti akasema "malizeni", kama walivyosikia wenzake Filimbi? Mkono una mwili, mwili una mdomo. Ukikata mkono, na yule wa dirishani amepona.

Fundi: Watamuua, shemeji. Hao walioko barazani kwako wakiona hicho kitambaa hawatangoja kuuliza. Kata. Nakuomba. Ndiye aliyenilea. Baba alipokufa ndiye aliyekuwa ananipeleka shule mgongoni.

Mchapaji: Na mimi Filimbi nilimbeba wapi? Kichwani? Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe!

Fundi: Na mimi nimezaliwa naye!

Mchapaji: Basi kata simu. Nitahangaika mwenyewe.

Fundi: Hapana. Subiri. ... Subiri.

Mchapaji: Upo?

Fundi: Nipo. Nilikuwa... kuna ujumbe naandika, wa kazi. Haya. Umeshinda. Ukweli ni ukweli. Lakini tuanze na ya mama. Ana picha ya Filimbi yenye uso?

Mchapaji: Hana. Humu uso bado mzima. Kabla ya pigo lile.

Fundi: Basi tukate uso kwanza, wa kuweka juu ya jeneza. Halafu tutarudi kwenye ile kubwa, tuikate vizuri, na mkono wake. Fungua picha kutoka Vipakuliwa.

Mchapaji: Imefunguka.

Fundi: Juu kulia kuna kalamu. Ndani yake kuna alama ya fremu. Hicho ndicho kimkasi chako, kimebadilisha nguo tu.

Mchapaji: Nimeona. Zimekuja pembe nne.

Fundi: Shika pembe, buruta mpaka ubaki uso. Polepole.

Mchapaji: ... Anacheka, unajua? Hapo alipo anacheka. Hakuamini kama wangepiga. ... Tayari.

Fundi: Bonyeza hifadhi.

Mchapaji: Nimebonyeza. Mbona haikuniuliza jina? Ile ya zamani ilikuwa inauliza.

Fundi: Mfumo huu haupendi maswali. Funga dirisha.

Mchapaji: Nimefunga. Haya, sasa ile kubwa. Shemeji, nimefungua Vipakuliwa. Uko uso tu. Ile nzima iko wapi?

Fundi: [kimya]

Mchapaji: Mkono uko wapi?

Fundi: Rudi kwenye tovuti, labda—

Mchapaji: Narudi... "Ukurasa huu haupo." Haupo! Wameufuta! Shemeji, nirudishie picha yangu! Kuna kile kitufe cha kurudi nyuma, ulinifundisha—

Fundi: Ukishafunga dirisha hakirudi.

Mchapaji: Ulijua.

Fundi: Uso umehifadhiwa juu ya ile nzima. Nilijua. Nisamehe.

Mchapaji: Ulijua! Umeniambia funga, nikafunga! Wao wamempiga kwa rungu, wewe umemmalizia kwa kipanya! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekufulia nguo miaka yote hiyo, mbwa wewe! Umekula kwangu, umelala kwangu—

Fundi: Nitukane. Nitukane tu. Ni ndugu yangu.

Mchapaji: [kishindo] 

Fundi: Unavunja nini? Shemeji! Usivunje mashine!

Mchapaji: Natamani ningekuwa navunja kichwa chako! Na hii takataka inanikonyeza tu, njano, njano, njano... 

Fundi: Iache.

Mchapaji: ... Trei imefunguka.

Fundi: Iache hiyo printa, nimekwambia haijatambulishwa.

Mchapaji: Trei ni tupu.

Fundi: Shemeji—

Mchapaji: Haina karatasi. Hii taa inaomba karatasi! Tangu asubuhi inaomba karatasi, na mimi nakusikiliza wewe fundi!

Fundi: Hata ukiweka, haitatoa ki—

Mchapaji: [anaweka karatasi, mlio wa rola]

Fundi: Inatoa nini?

Mchapaji: Inatoka. Miguu... binti... Filimbi...

Fundi: Ni ule uso tu.

Mchapaji: Ni nzima! Nilibonyeza kabla sijakupigia! Ilikuwa imemeza, inangoja! Wino umefifia huku pembeni, lakini maua... maua yanahesabika, shemeji. Inatoka nyingine. Na nyingine. Nilibonyeza kwa hasira, na kila hasira inatoka na karatasi yake!

Fundi: Shemeji, sikiliza. Toka hapo dukani.

Mchapaji: Sitoki. Napitisha kwenye tundu la kupokelea kazi. Shikeni! Shika, mpe na mwenzako!

Fundi: Toka! Kaka anakuja!

Mchapaji: ... Nini?

Fundi: Ule ujumbe. Nilimwandikia uko dukani na picha. Nilimwambia aje akuombe msamaha, mzungumze kama mtu na mkewe. Akajibu neno moja, "Nakuja." Hakusema kuomba. Toka mlango wa nyuma!

Mchapaji: Duka hili halina mlango wa nyuma.

Fundi: Basi jifungie! Usimfungulie!

Mchapaji: [mtandao unakwaruza, kelele za watu]... namwona. Anavuka barabara. Amevaa lile shati. Limetakata.

Fundi: Ana kitu mkononi?

Mchapaji: Rungu. Amekuja nalo. Ananitazama mimi tu kwenye kioo, barazani hajaangalia.

Fundi: Mungu wangu. Jificha chini ya meza, nakuja, nachukua pikipiki—

Mchapaji: Wananyamaza.

Fundi: Akina nani?

Mchapaji: Wenzake Filimbi. Wanatazama karatasi. Wanatazama kidole. Wanatazama karatasi.

Fundi: Hakukifungua? Shemeji, kile kitambaa hakukifungua?

Mchapaji: Nilifunga fundo la kweli. ... Amesimama. Sasa amewaona.

Fundi: Mwambie akimbie! Piga kioo! Shemeji, nakuomba, kwa jina la mama yako!

Mchapaji: [mbali na simu] Msimguse! Jamani, msimguse! Namtaka na mdomo wake! Aseme nani kampa!

Fundi: Wamesikia?

Mchapaji: Yule binti wa kwenye picha ameokota tofali... [mbali] Msimguse, nimesema! Nyie! Akifa huyu, yule wa dirishani amepona!

Fundi: Wanakusikia?

Mchapaji: Hawanisikii! Mlango nimeufunga, kioo kizito, na hii printa inapiga kelele! Salio linaisha, shemeji, inanionya—

Fundi: Izime! Izime printa uwaite!

Mchapaji: Naizimaje? Kitufe cha zamani hakifanyi kitu! Wamemzunguka, simwoni, naona rungu tu juu ya vichwa, sijui limeshikwa na na—

Fundi: Nyuma! Kitufe kiko nyuma, mkono wa kulia, chini ya waya! Umekiona? Bonyeza, usiachie! Shemeji? Bonyeza uwaite! Haloo? ... Haloo?