Mama Chupa, Aliyepima Maji Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Chupa kwa kuwa mkoba wake wa chupa za sampuli ulisikika kabla yeye hajatokea, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza darasa la kwanza mwaka 1968, na mwaka 1984 akahitimu stashahada ya upimaji wa maji, akaajiriwa katika maabara ya idara ya maji, chumba chenye dirisha moja na jokofu lililonguruma kumshinda mkuu wa kazi.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wanne, ambao watatu wamekaa hapa mbele.

Kuhusu yule wa kwanza, marehemu aliagiza tusifiche. Agosti 1992 alipima kisima cha ukweni, akakuta maji safi, na mama mkwe wake alipomweleza kwamba wachotaji hukifunga kwa miiba mvua za kwanza zinapoanza, mpaka maji yatulie, aliandika kuwa hiyo ni imani tu, na Oktoba, manyunyu ya kwanza yalipowafanya wakifunge, akaiondoa miiba kwa mikono yake. Mvua ikazidi, uchafu wa vyoo ukaingia kisimani, na tarehe 2 Novemba mtoto wake wa miaka mitano, aliyekuwa likizo kwa bibi yake, akafariki kwa kuhara.

Tangu hapo hakusaini majibu ya kisima chochote kabla hajakaa na wachotaji, akawauliza hukifunga lini na kwa dalili gani, akaandika majina yao ukurasa uleule wenye tarakimu za mashine. Wenzake walimtania kwamba amefungua maabara ya mabibi, lakini baada ya miaka kumi na miwili ilionekana kwamba, kati ya visima arobaini na kimoja, thelathini na sita vilifungwa wiki zilezile ambazo chupa zilionyesha uchafu, na vile vitano ambavyo mabibi walikosea aliviandika pia, maana hakuwa mtu wa kumvika mtu kilemba cha ukoka.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mwezi uliopita, akiwa wodini, alimwomba mama mkwe wake msamaha kwa ajili ya kisima kile, jambo ambalo hawakuwahi kulitaja kwa zaidi ya miaka thelathini, na bibi huyo wa miaka tisini na moja akamshika mkono, akasema, "Nilijua, mwanangu, lakini karatasi yako ilinitia aibu, nikachota." Walilia pamoja mchana kutwa.

Alifariki tarehe 3 Mei 2024, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na wachotaji waliotembea tangu alfajiri kuja kumzika.

Pumzika kwa amani, dada, mwanao amekusubiri vya kutosha.