Mbio za Dunia na Posa ya Shekha

Wiki ile roketi iliporushwa Ngomeni, mwaka wa themanini na nane, kijiwe cha nyuma ya soko la Malindi hakikuwa na habari nyingine. Saad, mwalimu wa jiografia waliyempachika jina la Dira, alikaa mahali pake karibu na dele la Garama, muuza kahawa. Alikuwa mtu wa kujiamini kwa kila jambo, hata kwa Shekha. Kijiwe kizima kilijua anamtaka, na kila Ijumaa aliwaambia kwamba wazee wake wangekwenda kuposa Ijumaa ya pili.

— Roketi huletwa kwetu kwa kuwa tu jirani na ikweta, — alisema. — Hapa dunia huzunguka mbio kuliko Ulaya. Kilomita elfu moja mia sita na sitini na zaidi, kwa saa!

Gitau Breki, fundi wa baiskeli kutoka Nyeri, alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Wacha, mwalimu! Baiskeli ikiteremka tu, kofia inaruka. Mbona ya Garama iko kichwani?

— Hewa nayo yazunguka pamoja nasi.

— Uongo! — Garama akagonganisha vikombe. — Haraka haraka haina baraka. Kwa mbio hizo mnazi ungezaa?

— Kumbe ni kweli, — Gitau akageuka. — Mimi sikupanda basi kuja huku. Niliruka juu, nikashuka, nikakuta Malindi.

— Ungeshukia Uganda, Breki. Dunia yaenda mashariki.

— Basi ni hao Waitaliano wenye roketi, — Garama akasema. — Kila roketi yaisukuma kidogo. Ndiyo maana Ramadhani hizi zafika upesi. Na Shekha je, Dira?

— Shekha haendi popote. Mwenda pole hajikwai.

Hapo akatokea Bi Nana, shangazi yake Shekha, na thamosi mbili.

— Shikamoo, Bi Nana.

— Marahaba, wanangu. Garama, zijaze zote.

— Kuna shughuli?

— Wageni wa Mambrui. Wamekuja kumposa Shekha.

Gitau akaanza kukaza spoki iliyokwishakazwa ya baiskeli iliyokuwa mbele yake. Saad akakiweka kikombe chini.

— Lakini, Bi Nana, wazee wangu… Ijumaa hii…

Garama alipokwisha kuzijaza thamosi zote mbili, Bi Nana akafunga kifuniko cha ya pili, akamtazama Saad bila hasira.

— Tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, babake anakutazamia wewe. Ulikuwa ukingoja nini, mwanangu?

Saad akamtazama Gitau. Gitau akamtazama Garama. Garama akaliinamisha dele juu ya kikombe cha Saad. Halikutoa hata tone.