Moyo wa Fundi Melkiadi Bunono

Ndugu waombolezaji, jamaa mliotoka Murungu na majirani wa hapa Kasulu, tuvumilianeni kidogo, kwa maana historia hii imeandikwa na mjane, Aneth, naye amekataa ipunguzwe hata mstari mmoja.

Melkiadi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Murungu, wilayani Kibondo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Crispin Bunono, akaanza shule mwaka 1994, na alipokuwa darasa la tatu akaugua koo, likapoa, kisha magoti yakavimba, yakapoa, viwiko vikafuata, akakandwa kwa maji moto mpaka akarudi kucheza, wala hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule umeacha kovu moyoni.

Mwaka 2004 alikuja Kasulu kujifunza ufundi wa baiskeli, akafungua kibanda chake mwaka 2009, wala hakuwa mtu wa kutulia, mkono kwenye baiskeli hii, jicho kwenye ile, na wanafunzi aliwazibia pancha bure ili wasichelewe namba shuleni. Tarehe 21 Septemba 2013 alifunga ndoa na Aneth, wakajaliwa Nadine na Majaliwa.

Mwaka 2023 alianza kuhema akipanda mlima, miguu ikavimba, moyo ukawa unakwenda mbio bila mpangilio. Tarehe 7 Novemba daktari alimweleza kwamba upande wa kulia wa moyo husukuma damu mapafuni ikachukue hewa safi, upande wa kushoto huisambaza mwilini kwa mishipa, na ndani mna milango ya kupitisha damu upande mmoja tu, ila mlango wake mmoja umekakamaa, damu inarudi nyuma, maji yanajaa mapafuni. Melkiadi akacheka, "Daktari, hiyo si ngozi ya pampu imechakaa? Unasukuma weee, upepo unakurudia." Daktari akamjibu, "Hiyohiyo, fundi, ila spea yake haipo sokoni kwenu," akampa vidonge vya kupunguza maji, akamkataza chumvi, akamwandikia rufaa ya upasuaji Dar es Salaam, zamu yake ikapangwa Juni 2025.

Tarehe 4 Mei 2025 alikula dagaa wenye chumvi walioletwa na jirani yetu Bi Kuruthumu, Mama Saady, kwani kwetu chakula cha jirani hakirudi bila kuonjwa, jioni akazidiwa, na tarehe 6 asubuhi akafariki hospitalini. Tangu hapo mmenong'ona kwamba dagaa wale walikuwa na kitu, na Bi Kuruthumu ameshinda siku mbili nje ya uzio, hathubutu kusogelea jiko la msiba.

Sasa sikieni. Katika koti la kazi la marehemu, Aneth amekuta vidonge vya Aprili nzima, havijaguswa, kwa kuwa miguu ilikuwa imenywea akadhani amepona, tena vilimkimbiza chooni wateja wakimsubiri. Aneth alihisi, akanyamaza, kwa sababu alimwona ana furaha. Daktari amesema maji yale yalijikusanya mwezi mzima, si kwa sahani moja. Mzee Crispin alimwambia Aneth, "Mwanangu, hayo ya vidonge yaache, utamwaibisha aliyelala," akatazama kule nje ya uzio, kisha akasema, "Basi, yasomwe. Aliyelala hasikii matusi, Kuruthumu anayasikia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao, na majirani waliotuchotea maji bila kuombwa. Na wewe, Mama Saady, Aneth anakuita mbele ya watu wote, ingia ndani, ushike mwiko, waombolezaji hawajala.

Melkiadi, baba Nadine, pumzika kwa amani.