Maman Viviane na Swali la Pili

Tarehe 29 Juni 2018, Maman Viviane Kalenga anastaafu baada ya miaka kumi na saba katika wodi ya upasuaji ya kliniki yetu. Alifika Brussels na cheti cha uuguzi kutoka Likasi, wakamwambia akasome upya. Akasoma, kisha akatufundisha sisi.

Msimamo wake ulikuwa mmoja: dawa ya maumivu hutolewa kwa saa, haingojei mgonjwa alie. Alitembea na saa ya kengele mfukoni. Kila ikilia, parasetamoli ilifika kitandani, hata kama mgonjwa anacheka. Jumapili moja ililia kanisani katika mtaa wa Forest, katikati ya mahubiri, naye akasimama kabla hajakumbuka kwamba hayuko kazini.

Mwaka 2006 tulimpokea Papa Kassimu, mzee wa Bujumbura mwenye duka la vitambaa katika mtaa wa Molenbeek, aliyepasuliwa tumbo. Nilikuwa mgeni kazini. Asubuhi nilimwuliza kwa Kifaransa, ça va, yaani hujambo, akajibu ça va, sijambo. Nikaandika sifuri kwenye karatasi ya maumivu, ambayo hupima sifuri hadi kumi, na daktari akampunguzia dawa. Kesho yake vilevile. Nilisahau adabu yetu wenyewe, sisi wasemaji wa Kiswahili: tukisalimiwa hujibu nzuri, hata nyumba ikiwaka moto. Shida huelezwa baadaye, tukiulizwa tena.

Siku ya tatu Maman Viviane alirudi kutoka likizo, akamwomba mzee akohoe. Hakuweza. Kwa maumivu alikuwa akivuta pumzi nusunusu, na homa ya mapafu ilikuwa imeanza. Maman akamaliza salamu zote, akavuta kiti, akamwuliza kwa Kiswahili kidonda kinamfanya nini. Papa Kassimu akalia machozi. Maumivu yalikuwa tisa kati ya kumi! Morfini ilirudishwa saa ile ile, na baada ya wiki mbili alitembea mwenyewe hadi kwenye tramu.

Tangu hapo, wodini kwetu hakuna anayeandika namba kabla ya swali la pili, Wabelgiji wakiwemo.

Ripoti ya kosa lile ilipotakiwa na wakubwa, Maman, ambaye hakuwepo siku zile, aliandika: tulikosea. Jina langu hakulitaja, wala hajawahi kunikumbusha. Angelitaja, ningefukuzwa, na pengine nisingeshika tena sindano.

Asante, Maman. Tunakuombea miaka mingi ya afya njema kati ya wajukuu zako. Umeificha siri yangu miaka kumi na miwili. Leo nimekutua mzigo huo.

Latifa Sudi, muuguzi