Shati la Kijani

Siku kaka yangu askari alipouawa kazini, hakuna simu iliyotangaza lolote. Muuaji alijipitia tu katikati ya watu wasiojua.

Leo, ndani ya basi, simu zetu zote zililia pamoja kwa tangazo la polisi: anatafutwa aliyemchoma askari mwingine kisu, mwanamume mrefu, shati la kijani. Sote tukamgeukia fundi cherehani mmoja, utepe wa kupimia shingoni, mrefu, mwenye shati la kijani.

"Msiniangalie hivyo, jamani," alisema. "Hata mimi nilivyosoma nimejishuku."

Muuza mboga aliyeketi kando yake akacheka hadi kapu likamponyoka. "Umelishona mwenyewe hilo, baba? Basi kosa unalo."

"Cheka tu, mama. Kesho watu watanipiga kwa sababu ya urefu wangu."

"Hakuna wa kukupiga. Tutakushika, tukikosea tukuombe radhi. Afadhali hivyo kuliko yule mwenye kisu aje kwangu nimfungie mchicha bila kujua."

"Radhi haitibu jino lililong'oka."

Nilicheka nao. Kaka angecheka kunishinda. Walibishana hadi kituoni, fundi akashuka wa kwanza, mikono juu, basi zima likimshangilia.

Aliyemuua kaka hajapatikana. Simu yangu siizimi tena.