Bustani Niliyoiita Kichaka

Rudishia huo mlango, Marselino, kama ilivyo desturi ya nyumba hii, kisha uje ukae, na wewe Anastasia acha kunipepea, inzi wa leo nitamvumilia. Huo uji wa mtama uache hapo mezani na ufunikwe kawa. Nitaunywa nikishasema, kama bado nitapewa. Sikilizeni wanangu, na mama yenu naye asikilize hapo alipo kwenye kigoda akichambua matembele yake, kwa maana ninayotaka kuyasema nimeyafungia moyoni miaka kumi. Padri aliponipaka mafuta juzi aliniuliza kama kuna dhambi iliyobaki, nikamwambia ipo, akaisikia, akaniondolea, kisha akaniinamia sikioni akasema, Polikarpo, upande wangu nimemaliza, waliobaki ni wenyewe uliowakosea.

Nianze na mali, maana mie nimekaa masjala miaka ishirini na sita nikipanga mafaili ya wakubwa, na najua kila faili hutanguliza yaliyo mepesi. Nyumba hii ya vyumba sita isiuzwe maadamu mama yenu yu hai. Baiskeli ni yako, Marselino, na redio ni yako, Anastasia, ingawa siku hizi betri zake hazipatikani hata kwa kibali. Ama kile kipande cha bondeni kando ya nyumba, ambacho wewe Marselino umekwisha kukipimia vyumba vinne vya kupangisha, usitikise kichwa, nilikuona dirishani ukipima kwa hatua, hicho si changu hata nikirithishe. Ni cha mama yenu Yustina. Nitawaambia kwa nini, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mnalikumbuka tumbo langu. Mwaka sabini na tatu nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Tandale, na tumbo lile nililiona kama sehemu ya ubalozi, maana kila penye shughuli balozi hutengewa sahani yake, firigisi juu, na mie sikuwahi kumvunja moyo aliyenitengea. Kisha ikaja kiu ya kunywa mtungi mzima, ikaja haja ndogo isiyokwisha, nyayo zikawaka kama nimekanyaga majivu ya moto. Kule zahanati nesi mmoja wa Bukoba, Kokushubila jina lake, alichemsha mkojo wangu na dawa yake ya buluu, nayo ikageuka ikawa na rangi ya tofali. Akasema ni sukari. Akanipa vidonge, akaniambia nipunguze kula, nami nikameza vidonge na kula nikaendelea.

Haikupita wiki ikaingia Kwaresima. Kanisa linataka Ijumaa tu, lakini mama yenu hajawahi kumpa Mungu kiasi kile kile alichoombwa, kwa hiyo siku arubaini zote nyama haikuingia humu ndani, wala sembe nyeupe, wala sukari, wala mafuta ya kukaangia. Tulikula dona, tulikula mtama, kunde, choroko, mlenda, na mchicha wa karanga za kutwanga. Nilinung'unika kama Waisraeli jangwani. Tulipokwenda kupima, ile dawa ikabaki buluu yake. Nikaifurahia Pasaka kwa mbuzi siku tatu mfululizo, na supu yake, na yaliyofuata supu, na baada ya wiki mbili tofali likarudi. Nesi akaniuliza, mzee, Kwaresima ulikuwa ukila nini? Mama yenu ndiye aliyejibu, na tulipokuwa njiani kurudi akaniambia maneno haya: "Baba Anastasia, Mungu keshatuonyesha kwa macho, tena kwa rangi. Au tunangoja atuandikie barua?"

Basi Kwaresima ile, hata Pasaka ikishapita, hakuimaliza. Alishuka bondeni na jembe, na hakushuka peke yake. Alikwenda na Zubeida, mke wa Masoud mwenye duka hapo mbele yetu, ambaye ndiye aliyemletea mbegu za choroko na mbaazi kazifunga kwenye pindo la kanga. Walilima pamoja, mmoja rozari shingoni, mwingine akiitazama saa ya sala yake, na vicheko vyao nilivisikia mpaka huku chumbani. Kila alipochuma, mama yenu alisimama kati ya matuta akapiga ishara ya msalaba. Alikuwa akisema kwamba kabla binadamu hajachinja kitu chochote hapa duniani, Mungu alishamwekea meza ya mbegu na majani na matunda, na kwamba mwili huu tumeazimwa tu, yatupasa kuurudisha ukiwa mzima. Wala hakuniambia nitupe vidonge. Kila jioni alinitolea kimoja na maji, akasimama mpaka nimeze.

Wanangu, nilipona. Sitaki mseme baba alilishwa majani yasimfae. Tumbo liliondoka, miguu ikapoa, nikawa natembea kwa miguu mpaka Mwenge na kurudi, mzee mzima, napiga mluzi. Suruali zikanipwaya nikazifunga kwa tai niliyopewa ofisini. Mwaka mzima na nusu hivyo.

Mpaka siku ile ya kikao cha tawi. Katibu wetu Alfonsi, aliyekuwa na tumbo kubwa kuliko la kwangu la zamani, alinitazama nilivyokonda, akasema mbele ya mabalozi wote, "Balozi, wenzako tunakula ng'ombe, wewe umeamua kula chakula cha ng'ombe?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mwingine akadakia kwamba nimelishwa limbwata, mwanamume hawezi kuchungwa bondeni hivihivi. Nami nilicheka, tena nilicheka kuliko wao. Lakini nilivyofika nyumbani niliamuru mlango ufungwe ndipo niletewe chakula. Mnakumbuka mlivyokuwa mkiambizana, fungeni mlango, baba anakula. Mlidhani ni heshima ya baba. Ilikuwa hofu, nisionekane na bakuli la mlenda.

Sasa Alfonsi akatangaza kwamba wageni wa wilaya watapita mitaani na watakula chakula cha mchana kwa balozi Polikarpo. Nilitoka nje nikaitazama bustani, matembele yametambaa hadi kando ya barabara, kila apitaye ayaone, nikahisi nimevuliwa nguo. Kumwambia mama yenu aing'oe sikuweza, kwa sababu angeniuliza kwa nini, na sababu niliyokuwa nayo haitamkiki. Mtu wa masjala akishindwa kusema huandika. Nikaandika barua, kwa mashine ya ofisini, yenye kichwa: Yah: Kichaka Kinachohatarisha Afya ya Wananchi. Mbu, nyoka, vibaka, vyote nilivitia humo. Nikaweka sahihi ya Mwananchi Mwema.

Na serikali yetu ina utaratibu. Barua ile ikafika inakotakiwa, ikagongwa muhuri, ikarudishwa kwa balozi wa eneo kwa maoni. Nami, balozi wa eneo, nikaisoma barua yangu kwa makini, nikaandika chini yake: Naunga mkono.

Takataka za mtaa huu tulizilalamikia mwaka mzima hakuja mtu. Kichaka changu kilijiwa siku ya nne, watu sita na mafyekeo. Mama yenu hakupiga kelele. Aliwaomba wamwache achume kinachochumika, wakamwacha kidogo, akajaza vikapu viwili, kisha akasimama pembeni akitazama, na Zubeida kando yake mikono kichwani. Jioni aliniuliza, nani katufanyia hivi? Na mie, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Watu wa dukani wana mambo yao."

Ni hayo tu. Sikumtaja Masoud. Lakini wiki moja kabla Masoud alikuwa amelalamika kwamba kunde zetu zinatambaa mpaka njia ya wateja wake, na enzi zile mwenye duka hakuhitaji ushahidi ili achukiwe. Wewe Marselino ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukaivunja taa ya duka lake kwa jiwe, nami sikukukanya. Nyumba kumi nzima zikamfuata balozi wao, zikaenda kununua chumvi mtaa wa pili. Zubeida alikuja hodi mara mbili kumtafuta mama yenu. Nilimpokea mie mlangoni nikamwambia Yustina kalala, nayo ilikuwa saa nne ya asubuhi. Hakuja tena. Na mwaka sabini na tisa Zubeida alipofariki, mama yenu alikaa nyuma ya mlango huu huu, kanga mdomoni, akisikiliza wenzake wakilia ng'ambo ya barabara, na hakuvuka. Nilikuwa nimekaa hapa. Nilimwona. Nilikuwa na neno moja la kumvusha, na sikulisema.

Mnataka na la kuchekesha? Wageni wa wilaya hawakuja. Na wiki tatu baada ya bustani kufyekwa uliletwa waraka, kila nyumba kumi ziwe na shamba la chakula, la kufa na kupona, fomu zijazwe nakala tatu. Nikajaza: Eneo, robo eka. Hali, linaandaliwa. Muhuri ni ule ule, wanangu. Nafikiri hata wino ulikuwa ule ule.

Nikarudi kwenye sahani ya balozi, mlango wazi. Mguu huu ukakatwa mwaka wa themanini na moja. Nilipotoka hospitali nikasikia jembe bondeni. Alikuwa ameanza tena, peke yake, naye ndiye aliyenifikisha leo, nesi alikuwa amenipa miezi tu. Lakini figo haziridhiki kwa toba. Kwa hiyo watu wakiwaambia kwamba majani hayakumsaidia baba yenu, wajibuni kwamba yalimsaidia, na baba yenu ndiye aliyeyafyeka.

Nakala ya barua iko chini ya godoro, kwenye jalada la kijani. Sikuweza kuichoma. Miaka ishirini na sita ilinifundisha kuchukia mtu anayechoma nakala, na hata...

Mama yenu ameinuka.

Mwacheni. Msimshike, Anastasia. Matembele kayaacha kwenye ungo. Mwacheni apite, ana haki ya kutoka. Rudisha mlango, Marselino. Sijui kama atarudi, na akikawia msimwulizie.

Basi niharakishe, pumzi imeanza kunihesabia. Nikishazikwa, wewe Anastasia chukua jalada, uvuke barabara, umsomee Masoud barua yote, na yale maoni ya balozi. Marselino, wewe utamwomba radhi ya taa. Bondeni pasijengwe chumba hata kimoja. Kwenye matanga yangu asichinjwe ng'ombe wala mbuzi. Pikeni dona, kunde, matembele ya karanga, mkaange mihogo kwa ajili ya wasioweza kuvumilia, na akiuliza Alfonsi nyama iko wapi, mwambieni marehemu alikwisha kula fungu lake na la wenzake. Wala msiwaseme wanaokula nyama, kila mtu na dhamiri yake mbele za Mungu. Lakini nyie wangu damu yenu naijua ilivyo. Pimeni mapema. Mle vitu vilivyoota, msivikoboe vikabaki vyeupe kama mvi zangu, na kila mkila mshukuru, na msi... msione haya. Ngoja. Maji kidogo.

Nani huyo anayepiga hodi? Mwanamume. Nani?

Yustina. Umekwenda kumwita.

Mnaona, wanangu. Mie nimeagiza kazi hii ifanywe nikiwa kaburini, tena kwa mkono wa mtu mwingine, kama barua nyingine zote. Mama yenu barua ya namna hiyo haipokei. Karibu, Masoud. Mpe kiti, Marselino, hicho cha kwangu. Masoud, sina nguvu za kuzunguka. Barua ile niliandika mie. Bustani ya wake zetu niliifyekesha mie, kisha nikakubebesha wewe, na Zubeida nilimrudisha mlangoni hapo, kwa uongo, mara mbili. Ni mie.

Sema tena, ndugu yangu, kwa sauti, watoto wasikie. Anasema... anasema Zubeida alimwuliza mpaka siku ya mwisho, "Nimemkosea nini Yustina?" Anasema hawezi kusema kwamba yamekwisha. Leo hawezi. Ila amekuja, na atakaa.

Inatosha. Sikustahili hata hilo la kukaa.

Wanangu, sogezeni vichwa, mkono wangu haufiki mbali. Mungu aliyeotesha majani kabla yetu awalinde. Awape miili ya kumtumikia na midomo ya kusema kweli wakati kweli bado inamfaa mtu. Mama yenu msimwinulie sauti. Masoud mumwamkie kila asubuhi, hata asipoitikia. Nawabariki kwa jina la Baba... na la Mwana...

Yustina. Umefunua kawa. Bado wanipa. Kijiko kidogo, polepole. Mtama huu... ni wa bondeni?

Marselino, mbona umeufunga mlango? Ni mazoea. Nilikufundisha mie. Ufungue, mwanangu. Ufungue wote, wapitao waone. Baba anakula.